Mahindi Yasiyo na Mteyu

Mwalimu wetu wa kemia alipopasha moto mchanganyiko wake, darasa zima lilinusa dawa ya kuchua misuli. Mimi nilinusa ghala la mama. Nikaropoka hivyo hivyo bila kunyoosha mkono, na wenzangu wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Yeye hakucheka. Aliniuliza mama anaweka nini ghalani. Nikamwambia ni mizizi ya mteyu, ule mti wa maua ya zambarau uliojaa kwenye misitu ya kwetu Mpanda. Mama huichimba, huianika na kuitwanga, halafu unga wake huuchanganya na mahindi ili dumuzi wasiyaguse. Wadudu hao tuliwaita Skania, kwa sababu walibeba gunia zima kama lori.

Mwalimu akasema kilichokuwa kinanukia mezani kwake kinaitwa methili salisileti, na ndicho kinachonukia kwenye mizizi ile. Yeye alikuwa amehangaika na asidi na moto kipindi kizima, wakati mteyu unakitengeneza chini ya udongo bila kibiriti. Nilifurahi kana kwamba nimesifiwa mimi. Akaongeza kwamba mti huo una saponini pia, zinazotoa povu kama sabuni, na vitu vingine vingi, na kwamba mzizi unaotuliza kichwa ukinuswa umewahi kuua watu walioumeza.

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani kemia imenijaa mpaka puani. Nikamkuta wifi yangu, mke wa kaka, ana mimba changa na hagusi ugali wetu. Anashindia viazi vitamu. Mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka, na kila mwanamke wa kwetu anajua mteyu ndio mzizi wanaoutafuta wale wanaotaka kutoa mimba, na kwamba wengine hufa pamoja nayo.

Nilikasirika. Niliona anamvunjia mama heshima. Nikamfuata jikoni nikaanza kumfundisha.

"Wifi, kinachonukia kinaruka hewani. Mama anaanika mahindi, anapepeta, anaosha, ndiyo yanaenda mashine. Harufu ikiisha, na dawa imeisha."

"Na kile kisichonukia?" akauliza.

Hakuwa anabishana. Alikuwa ameshika tumbo ambalo bado halijaonekana, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mwalimu alisema "vitu vingine vingi", na mimi sikuuliza ni vitu gani.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atachukia, maana mteyu ulikuwa fahari yake. Wanawake walitoka hadi Sitalike kuja kumwomba unga ule.

"Kauliza vizuri," akasema. "Nyie mnaosoma mtakuja kutujibu. Kwa sasa huyu apewe mahindi yake."

Akamtengea magunia ambayo hayajaguswa na mteyu. Haukupita muda Skania wakayavamia. Kila jua lilipochomoza mama aliyamwaga kwenye turubai, akayageuza, akayapepeta, akachambua punje moja moja zilizotobolewa, nyusi zake zikawa nyeupe kwa vumbi. Sisi wengine tuliendelea kula ya mteyu, wala hatukudhurika. Mama hakuwahi kulitumia hilo kumsuta wifi. Mpaka leo namhusudu kwa moyo ule.

Niliporudi Desemba, magunia ya wifi yalikuwa yamebaki makombo, na mama bado anapepeta. Wifi alikuwa anakula ugali na amenenepa mashavu. Siku chache baadaye akajifungua hospitali, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Walipomleta nyumbani, mama alikuwa ghalani anachota yale mahindi yetu. Alitoka mbio, mikono mbele. Akasimama ghafla. Akanusa viganja vyake, akageuka, akaenda kuviosha kwa sabuni kwenye beseni. Akanusa tena, akaanza kuosha upya, huku kichwa kimeinama na mabega yanamtetemeka. Sijui kama alikuwa analia au ni haraka tu.

"Mama, mpokee," wifi akasema.

"Bado inanuka, mwanangu. Ngoja."

Wifi hakungoja. Alimfuata pale kwenye beseni, akamweka binti yake kwenye ile mikono iliyolowa, inayonukia mteyu.