Mkono wa Shabani kwenye Omurembe

Nilipokuwa mtoto kule Khwisero, sifa yangu ilikuwa moja tu: nikitumwa, naenda. Sikuwa na kichwa cha hesabu wala sauti ya kuimba, lakini mtu mzima akiita "Awinja," mimi nimeshasimama. Kwa sifa hiyo nikafanywa kiranja wa darasa la sita, na mama akajivuna sokoni kana kwamba nimeteuliwa kuwa chifu.

Nyuma ya shule yetu, karibu na kijito, kulikuwa na omurembe, mti wa maua mekundu ambao hata kuni zake hazichomwi nyumbani. Ukishukiwa jambo, unaupiga kwa fimbo na kuapa. Ukiwa umesema uongo, unakauka mwili hadi kufa, na watu wa kwenu wanakufuata. Sisi watoto tulikuwa tukipita hapo mbio.

Hapo ndipo mwalimu wa michezo alipotupeleka siku pampu ya mpira ilipopotea. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, mashindano ya tarafa yalikuwa yamekaribia, na mpira wenyewe ulikuwa umesinyaa kama chungwa bovu. Alisema aliiacha pampu ofisini asubuhi, na kufikia mapumziko haikuwepo. Kila mmoja wetu apige mti na kusema, "Mimi sikuchukua." Nilikuwa wa kwanza, maana mimi ndiye kiranja. Niliyasema maneno hayo kwa sauti, nikafurahi kuonekana msafi mbele ya watu.

Zamu ikamfikia Shabani. Baba yake alitoka Mumias kuja kuuza nguo katika soko letu, na darasani mwetu Mwislamu alikuwa yeye peke yake. Aliiweka fimbo chini polepole.

"Mwalimu, samahani. Sisi hatuapangi kwa mti. Baba alinikataza."

Kwetu, anayekataa omurembe amejitaja mwenyewe. Darasa zima likamgeukia.

"Baba yako ako hapa?" mwalimu akauliza. "Hapa ni mimi. Kiranja, shika yeye mkono apige."

Nami nilijua. Asubuhi ile yote, hadi kengele ya mapumziko, mimi na Shabani tulikuwa kisimani tukiteka maji ya jikoni, tukibeba ndoo moja kwa kijiti, yeye huku na mimi huku. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini sikuwa nimeulizwa, nilikuwa nimetumwa.

Nikaiokota fimbo, nikambana nayo kiganjani, nikamshika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu kunishinda na angeweza kunisukuma, ila alinitazama tu. "Awinja, wewe unajua," akasema kwa sauti ya chini. Nilivuta, mkono ukarudi nyuma. Nikamgeukia mwalimu. "Endelea," akasema, nami nikaendelea mpaka fimbo ikagusa gome. Shabani alikuwa akilia bila kutoa sauti. Yale maneno hakuyasema.

Jioni nilimkuta Kukhu, bibi yangu, akichambua kunde mlangoni. Nikamsimulia yote. Mikono yake ikasimama.

"Ni wewe ulimshika?"

"Mwalimu alisema, Kukhu."

"Kwa omurembe mtu halazimishwangi. Ukishika mwenzako mkono, hicho kiapo unakula wewe. Huo mkono wako utakuwa unakuuma."

Niliogopa, nikamwomba kesho yake tuandamane kwa mwalimu nimweleze habari ya kisima. Kukhu, aliyezoea kumjibu hata chifu bila kuinuka kitini, alirudisha macho kwenye kunde zake. "Mwalimu ni mwalimu," akasema, na kuendelea kuchambua. Peke yangu sikuthubutu.

Shabani aliitwa mwizi wiki nzima, darasani na njiani. Kisha baba yake akamwondoa shuleni, wakarudi Mumias. Siku chache baadaye nilitumwa stoo kuleta majembe, nikaiona pampu nyuma ya magunia ya mahindi, pale pale mwalimu alipozoea kuweka viatu vyake vya michezo. Nikampelekea mbio. Aliigeuzageuza mkononi, asinitazame.

"Sawa. Usiende ukisema-sema."

"Ndiyo, mwalimu."

Mpira ukajazwa upepo, tukaenda kwenye mashindano, na mimi nikashangilia pamoja na wengine.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini Shabani naye alikuwa mtoto, na mtiifu kama mimi. Utii wake kwa baba yake ulimuumiza yeye, na wangu kwa mwalimu ukamuumiza yeye vilevile. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Naona aibu kuandika hivyo, na ndivyo ilivyokuwa. Mkono nao haujawahi kuvimba wala kukauka, ila nikimshika mwanangu kumvusha barabara, naye akasita kidogo, nakisikia kile kifundo kikirudi nyuma, nami namwachia haraka kuliko inavyofaa barabarani. Kukhu hakukosea.

Mwaka jana nilienda mazishini nyumbani, nikateremka mpaka kijitoni. Omurembe ungalipo. Niliokota fimbo, nikataka kusema tena maneno niliyoyasema kwa wepesi siku ile: mimi sikuchukua. Ni ya kweli hadi leo. Lakini nikaiweka fimbo chini polepole, kama alivyoiweka Shabani.