Msiisugue Saa Yangu

Jeruto si mtu wa kwenda mjini bila sababu. Ng'ombe wake hawajui Jumamosi wala sikukuu, na shamba la Moi's Bridge halijilimi. Lakini asubuhi hiyo alikamua mapema, akavaa sweta yake ya kanisani, akasafiri mpaka Eldoret. Ndani ya mkoba alikuwa amebeba saa ya mkono, ameifunga kwa kitambaa cha kichwa.

Kifungua mimba wake, Vincent, alimpokea nje ya duka la fundi wa saa. Alikuwa na mchumba wake, Nanzala. Harusi yao ilikuwa imekaribia, na Vincent alitaka siku hiyo avae saa ya marehemu baba yake. Tangu Mwalimu Paul azikwe, saa ilikuwa kabatini kwa Jeruto, imesimama, haitembei.

Fundi aliitwa Shitanda. Alifungua kile kitambaa polepole, akabandika kioo chake jichoni, kisha akapiga mluzi.

"Hii ni ya Uswisi ya ukweli," alisema. "Siku hizi naletewa za bandia tu. Mlikuwa mmeificha wapi?"

"Ni ya Mzee," Vincent alijibu kwa fahari. "Itarudi kuwa mpya?"

"Mpya kabisa! Angalia huu uso, umegeuka rangi ya chai. Naagiza mwingine Nairobi. Hapa kando imebonyea, nanyoosha. Kioo nabadilisha. Halafu mwili wote napitisha kwa mashine, nausugua mpaka ung'are. Na huku mgongoni kuna maandishi yameishaisha, hayo natoa yote, panabaki laini. Mzee mwenyewe akifufuka hataijua."

Vincent alicheka. "Hivyo ndivyo nataka."

"Hapana," alisema Jeruto.

Wote watatu walimgeukia. Alikuwa hajasema neno tangu salamu.

"Mgongo hauguswi."

"Lakini Mama," fundi alisema kwa upole, "haya maandishi hata hayasomeki."

"Mimi nayasoma."

Hapo ndipo Vincent aliposikia kwa mara ya kwanza habari ambayo mama yake alikuwa ameishi nayo muda wote huo.

Katika miaka ya themanini, Jeruto alikuwa mkimbiaji. Hakuwa miongoni mwa wale ambao majina yao hutangazwa redioni. Alikimbia misimu michache tu. Mara moja alipelekwa na kikosi kidogo kwenye mashindano ya barabarani, katika mji mmoja wa milimani huko Uswisi. Alishinda upande wa wanawake. Wakati wa zawadi ulipofika, mwanamume aliyeshinda alipewa saa, kwa sababu mji huo ulikuwa na kiwanda cha saa. Kisha wakamwita Jeruto, wakampa pasi ya umeme.

Aliitazama ile pasi. Akamgeukia kocha wao, aliyekuwa akitafsiri.

"Waambie nyumbani kwetu hakuna stima."

Kocha alitafsiri, na watu wakacheka. Walidhani ni utani. Jeruto hakucheka. Aliirudisha pasi mezani, mbele ya wapiga picha, akasimama kando yake.

"Waambie nimekimbia barabara ile ile aliyokimbia huyu."

"Jeruto, unatuaibisha," kocha alimnong'oneza.

"Aibu si yangu."

Hakuondoka hapo mpaka picha zikaharibika na wenye sherehe wakaanza kuulizana. Kesho yake, mzee mmoja wa kile kiwanda alikuja hotelini na saa kama ile ya mwanamume, kubwa vilevile. Mgongoni walikuwa wameandika jina la mashindano, mwaka, na JERUTO.

Akarudi nayo nyumbani. Paul, mumewe, alikuwa mwalimu kijana. Aliishika, akaivaa, akanyoosha mkono aione vizuri. "Hii ni saa ya mwanamume," alisema. "Wewe itakutoka ukikamua." Ni kweli mkono wa Jeruto ulikuwa mwembamba. Na wakati huo alikuwa na mimba ya Vincent, mbio zimekwisha. Akamwachia. Ilianza kama mchezo, ikawa mazoea, mwisho ikawa ndivyo ilivyo. Kanisani watu waliisifu. Mmoja alisema bila shaka Mwalimu amepewa na mkubwa fulani wa elimu. Paul hakudanganya. Alitabasamu tu. Watoto walizaliwa, wakakua wakijua ni saa ya Baba.

Mwanamke aliyeirudisha pasi mbele ya wageni wa nchi nyingine alinyamaza sebuleni kwake mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Jeruto kuliko saa yenyewe.

Jeruto alimaliza kusimulia. Vincent alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua kidole kwenye kaunta.

"Mama, hiyo ni stori ya zamani," alisema mwishowe. "Watu wote wanajua ni saa ya Mzee."

"Watu wote waliambiwa na nani?"

Vincent aliinua kichwa. "Sasa nisimame kanisani na saa imechakaa hivi?"

"Hutasimama nayo. Nitaivaa mimi."

Shitanda alijikohoza. Alitaka kuokoa kazi yake. "Basi mgongo tunaacha, Mama. Lakini uso, hata wewe unaona..."

Jeruto aliichukua saa mkononi. Aliutazama ule uso wa rangi ya chai. Jasho la Paul lilikuwa humo, na vumbi la mavuno. Pale palipobonyea alipajua pia: ni siku Paul alipomvuta ndama kutoka kwenye mtaro, mkono ukagonga jiwe, na ndama akapona. Alikuwa na hasira na Paul, tena nyingi. Lakini hakutaka asuguliwe atoke. Alikuwa mume wake.

"Hizi alama za mbele ni zake," alisema. "Za nyuma ni zangu. Hakuna ya kufutwa."

"Kwa hivyo mimi nifanye nini?"

"Ifanye itembee. Ndani safisha unavyojua, pale panapotaka kubadilishwa badilisha. Nje usiguse hata kwa kitambaa."

"Mama, watu wakiiona watasema Shitanda hajui kazi."

"Waambie mwenyewe ni mkaidi."

Vincent alitoka nje bila kuaga. Nanzala alibaki. Alimwomba fundi aigeuze saa kwenye mwanga, akainama, akafuatisha herufi kwa ukucha mpaka akalisoma jina. Akaenda mlangoni. "Vincent, jina liko. Njoo uone." Vincent alikuwa ameshavuka barabara.

Siku ya harusi Jeruto aliingia kanisani na saa mkononi, inatembea. Mkanda ulikuwa umeongezwa tundu ili ukae. Vincent aliiona, akageuza uso, na katika picha za familia alisimama upande wa pili. Jeruto hakuuficha mkono wake hata mara moja.

Wakati wa chakula, Mzee Isaiah, kaka ya marehemu, alimsogelea akiwa na kikombe cha chai.

"Mama Vincent, naona umevaa saa ya ndugu yangu."

"Hapana, shemeji. Ni yangu. Ndugu yako aliiazima."

"Aliiazima? Miaka yote ile?"

"Miaka yote. Na sikuwahi kumdai."

Wanawake waliokuwa karibu walipasuka kwa kicheko. Mzee Isaiah alikiangalia kikombe chake, akaenda kutafuta sukari.

Maneno yalizunguka, kama kawaida. Wengine walisema amemkosea heshima marehemu. Wengine walisema uzee umemtia kiburi. Mmoja alimuuliza waziwazi, sokoni, kama haoni haya kushindana na mtu aliye kaburini. Jeruto alimwambia hashindani na mtu, alishashinda zamani.

Vincent alikaa muda mrefu bila kumtembelea. Alikuja wakati mahindi yanavunwa, akiwa na Nanzala, akasaidia kubeba magunia. Waliponawa na kukaa mezani, alinyoosha mkono. Jeruto akaivua saa, akampa. Vincent aliigeuza, akasoma, akakaa nayo.

"Huko barabara ilikuwa ya mlima?" aliuliza.

"Mlima mtupu. Kuteremka ndiko kulikouma."

"Na nyuma yako alikuwa nani?"

"Sijui. Sikugeuka."

Nanzala alicheka. Vincent naye alitabasamu kidogo, kisha akauliza kile alichokuwa nacho moyoni tangu afike. "Na siku ukiondoka, Mama, itakuwa ya nani?"

Jeruto aliichukua, akaifunga mkononi, akamsogezea sahani ya ugali.

"Bado niko hapa. Kula, chakula kinapoa."