Tundu Ambalo Sikulifungua

Kazi yangu ni kupima gesi zinazotoka kwenye mabomba ya moshi ya viwanda. Unapanda ngazi ya chuma hadi jukwaani, unafungua tundu lililoachwa ubavuni mwa bomba, unaingiza fimbo ndefu iliyounganishwa na mpira wa kupitishia moshi, na mashine inavuta moshi na kukuambia kuna oksijeni kiasi gani na kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kiasi gani. Watu wakisikia hudhani ni kazi ya kusoma namba. Sehemu kubwa ni kubeba masanduku.

Msimu ule nilikuwa nabeba peke yangu. Ofisini tulikuwa wapimaji wawili tu, na mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na magoti yalikuwa yameanza kunikumbusha kila ngazi niliyowahi kupanda. Wiki hiyo nilishapima tanuru la chokaa na boila mbili. Siku ya nne nikatoka nyumbani Ipagala mapema, nikaelekea upande wa Kongwa, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti.

Boila yao, mtambo wa kuchemsha maji kuwa mvuke, ilikuwa kubwa kama nyumba ya vyumba vinne, na ilichoma maganda ya alizeti. Aliyeiendesha alikuwa mzee wa Kigogo, mwenyeji wa Mlali, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Akabeba sanduku moja hadi chini ya ngazi bila kuombwa. Kisha akasema, "Upande wa kushoto moto haukolei siku hizi. Ukiwa huko juu uangalie vizuri."

Nikamwambia sawa.

Ushauri wake ulikuwa wa maana kuliko alivyojua. Ndani ya bomba pana moshi haufanani. Upande mmoja unaweza kuwa na hewa nyingi, na hatua mbili pembeni yake ikapita gesi ambayo haikuungua vizuri. Ndiyo maana bomba kubwa huwa na matundu mawili, na kila tundu unalipima mara sita, ukiisogeza fimbo ndani kidogo kidogo. Fomu yetu ina visanduku kumi na viwili. Ukipima mahali pamoja tu, umepima mahali pale, hujapima bomba.

Tundu la kwanza lilifunguka bila shida na namba zake zilikuwa nzuri. Tundu la pili lilikuwa upande wa kushoto, na nati za kifuniko chake zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nilijaribu kwa spana niliyokuwa nayo ikateleza, nikajichuna vidole. Upepo wa Agosti ulikuwa unanipiga vumbi usoni, na bomba lilikuwa linatoa joto kama jiko la mkaa. Ili kulifungua nilihitaji kushuka, kutafuta mafuta na spana ndefu, na kupanda tena. Niliitazama ngazi. Nikakaa chini jukwaani, nikaweka fomu kwenye mapaja, nikajaza visanduku sita vilivyobaki kwa namba za tundu la kwanza, nikibadilisha tarakimu za mwisho ili zisifanane.

Mkono haukutetemeka. Nalisema hilo kwa sababu watu wengi husimulia makosa yao kana kwamba walipigana kwanza na dhamiri. Mimi nilikuwa nafikiria kiti cha gari tu.

Nilipofika chini, mzee aliniuliza, "Umeuona ule upande?"

"Nimeuona, mzee. Uko kawaida."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Haya. Mashine inajua zaidi yangu." Hakusema kwa kejeli. Aliamini.

Ripoti ikatoka, kiwanda kikapita, nami nikaendelea na mabomba mengine. Wiki tatu baadaye meneja wa kiwanda kile alinipigia simu ofisini. Mzee wa boila alikutwa ameegemea ukuta, macho wazi, haitiki akiitwa. Walimkimbiza kituo cha afya, wakamwekea oksijeni, akazinduka.

"Mkaguzi wa usalama yupo hapa," meneja akasema. "Nimempa ripoti yako. Nilitaka tu uniambie kwamba iko sawa."

"Nitakuja kesho," nikasema.

"Sijakuita uje. Nimekuuliza kama ripoti iko sawa."

"Nimekusikia. Msiiwashe boila mpaka nifike, na mtakapoiwasha watu wakae mbali."

Siku ya pili nilikwenda na mafuta ya kulainisha na spana ndefu. Wakaiwasha mbele ya mkaguzi, milango yote ya jengo ikiwa wazi. Nati zile nne zilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaingiza fimbo. Kwenye kipimo cha kwanza namba ilikuwa mbaya. Cha pili, mbaya zaidi. Kwenye cha tatu ilipita uwezo wa mashine kusoma, nikaichomoa fimbo haraka nisije nikaiua mashine. Tulipozima na kufungua mlango wa moto, tukaona matundu ya hewa ya upande wa kushoto yamezibwa na majivu yaliyoyeyuka na kuganda. Maganda yalikuwa yanafukuta pale bila kuungua, na sehemu ya gesi ilikuwa inavuja kwenye viungo vya mlango, ndani ya chumba alichoshinda mzee.

Nilimwambia meneja mbele ya mkaguzi kwamba sikulifungua tundu la pili, na kwamba namba sita kwenye ripoti nilizitunga. "Kwa nini?" meneja akauliza.

"Nilichoka."

Nilitafuta jibu lenye uzito kuliko hilo, sikulipata.

Ofisini, bosi wangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, alifunga mlango kabla ya kuzungumza. "Dada, ungeweza kusema mashine ilikuwa na hitilafu."

"Mashine ni nzima."

Alisugua macho. Akaninyang'anya ruhusa ya kusaini ripoti kwa mwaka mzima, na akaagiza kila bomba nililolipima msimu ule lipimwe upya, mimi nikibeba vifaa na mpimaji wa kuazima kutoka Morogoro akisoma namba. Sikubisha.

Kabla ya kuanza, nilikwenda Mlali kumwona mzee. Nilimkuta amekaa uani, mkewe anachambua mlenda. Alikuwa anazungumza vizuri, ila mara moja moja neno lilimpotea katikati ya sentensi, akawa anamtazama mkewe amsaidie. Nikamweleza yote, mkewe akisikia.

Mzee akasema, "Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu zamani. Ulipopima, nikasema kumbe moshi hauna shida, basi huu ni uzee. Nikawa nakunywa dawa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimwomba radhi.

"Umekula?" akauliza.

Mkewe hakunitazama alipoweka ugali mbele yangu, na hakuniaga nilipoondoka. Nilimwona ana haki zaidi kuliko mumewe.

Kiwanda kilibomoa ule upande wa boila na kuujenga upya, wakaweka na kifaa cha kupiga kengele gesi ikizidi chumbani. Mzee hakurudi kwenye moto. Walimweka getini, anaandika magari yanayoingia, na nasikia siku nyingine hukosea namba za magari na madereva humrekebisha kwa upole.

Sisi tulirudia mabomba yote. Ngazi zile zile, masanduku yale yale, safari hii kwa kasi ya mtu mwingine. Kule kwingine kote namba zilitoka karibu sawa na zangu za mwanzo, maana kwingine kote nilikuwa nimepima kweli. Yule mpimaji wa Morogoro aliziweka karatasi zangu na zake sambamba, akaniambia, "Ulikuwa unafanya kazi nzuri." Nikamwambia asante, nikaanza kukunja mpira. Kesho yake tulikuwa na bomba jingine, nje ya orodha ile, na gari lingeondoka asubuhi.