Kiti cha Bendi Nzima

Tulimwita Bendi Nzima kwa sababu yeye peke yake, na kinanda kimoja cha umeme, alitoa ngoma, besi, tarumbeta na sauti ya kuimba. Baa yetu ya kona haikuwa na jukwaa. Alikaa kati ya friji ya bia na mlango, na mlango ndio ulikuwa kazi yake. Kila mteja wa kudumu alikuwa na kionjo chake cha muziki: fundi viatu akiingia, wimbo wowote ule ulipinda kidogo, ukamsalimu, ukarudi njiani. Mimi ninauza vyombo vya umeme vya mitumba; mimi alinipigia mwendo wa mtu anayejifanya anaondoka dukani ili aitwe apunguziwe. Watu walicheka, nami nikaagiza.

Mkewe alipolazwa, saa ya kuona wagonjwa iligongana na saa yake ya kupiga. Akafanya ujanja. Alirekodi nyimbo zake za jioni kwenye flashi, akaichomeka kinandani, akavuka barabara kwenda wodini. Aliporudi, nilikuwa nimekaa kaunta. Watu walikuwa wanacheza. Koti lake lilikuwa limening'inia kwenye kiti kitupu, na mlevi mmoja alikuwa analishangilia koti.

Mama mwenye baa alimsubiri palepale, amekunja mikono.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula kidogo."

"Basi kaa naye. Hiyo flashi niachie."

Bendi Nzima akamwambia flashi haijui nani anaingia. Mama akasema, bila ubaya wowote, kwamba walioingia wameagiza vilevile. Ningekuwa na baa ningesema hivyohivyo.

Mkewe alipona, lakini kiti hakikurudi. Pale alipokaa pamewekwa friji ya pili. Mwishowe akaniletea kinanda dukani. Nikamwambia akipige, maana sinunui kitu kwa macho. Nilikuwa natafuta kasoro, kama kawaida yangu, na nilishapata kitufe kimoja kinachonata, fundi viatu alipoingia kutafuta balbu. Mkono wa Bendi Nzima ukapinda wenyewe, ukapiga kionjo chake. Fundi viatu akasimama mlangoni, akavua kofia, akasahau alichofuata.

Nikataja bei ya chini, ile ya kuanzia, ili apandishe. Nilimngoja.

"Sawa, kaka," akasema, akaanza kukunja waya wa kinanda ili anikabidhi.