Gari la Baba Halichemki

Kila asubuhi gari la baba lilitetemeka kwa dakika ishirini, na kila mtu hapa Kasingirima, mjini Kigoma, alikuwa na jibu. Jirani yetu anayeuza mchele alisema ni petroli chafu. Mkewe alisema ni unyevu wa ziwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kutoka msikitini alisimama kila siku pembeni ya uzio, akatikisa kichwa na kusema gari limezeeka. Hili la uzee ndilo lililoniudhi zaidi. Kitu kilichozeeka kimezeeka kutwa nzima. Uzee gani unaokuja saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka kabla watu hawajamaliza chai?

Mimi nilikuwa nyumbani wakati huo, na shahada yangu ya ualimu wa fizikia na hisabati, nikisubiri ajira. Mtu anayesubiri ajira ana muda mwingi wa kusikiliza upuuzi.

Baba ni mstaafu wa bandarini. Goti lake la kushoto halikunjiki sawasawa, kwa hiyo bodaboda hawezi kupanda, na kutembea mpaka barabarani humchukua muda ambao mtoto wa shule angekuwa ameshafika darasani. Lakini gari lake ni la otomatiki, na mguu wa kushoto hauna kazi humo ndani. Akishakaa kwenye usukani anakuwa mtu mzima tena. Anakwenda Kibirizi ufukweni kununua samaki aina ya migebuka boti zinapofika, anakaa na wenzake wa zamani wakibishana mambo ya meli, anarudi saa nne akiwa na habari za watu ambao sisi hatuwajui. Bila gari, baba ni mtu wa kibarazani.

Kaka yangu mkubwa, mtumishi wa serikali Dodoma, alikuwa ameshaamua kwamba baba akae kibarazani. Hakusema hivyo. Alisema injini imekufa. Aliisikia kwenye simu asubuhi moja baba alipompigia akiwa ameketi ndani ya gari, na kutoka umbali huo, kupitia spika ya simu, akatoa hukumu. Alisema anakuja likizo baada ya wiki mbili na atalitafutia mnunuzi. Walibishana mpaka baba akachoka.

"Ukija ukalikuta bado linatetemeka, nitakupa funguo," baba alisema. "Ukilikuta limetulia, usiniambie tena habari za gari."

Baba ni mtu wa kutimiza neno lake hata linapomuumiza. Nilijua kwamba kama asubuhi ile ingefika na gari likatetemeka, angetoa funguo bila kuongeza hata neno moja.

Tulikwenda kwanza kwa fundi wetu wa miaka yote, kule Gungu. Ni mtu wa makamo mwenye sauti ya upole na uhakika usio na mipaka. Tulifika saa nne, jua limewaka, injini ikiwa imeshapata moto wa njiani. Alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini kama mganga, akasikiliza sailensa, ndivyo mafundi wanavyoita mngurumo wa injini bila mtu kukanyaga mafuta. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Mbona liko vizuri, mzee?"

Baba alimweleza kwamba linatetemeka asubuhi likiwa la baridi. Fundi akasema basi ni plagi. Nikamkumbusha kwamba plagi alibadilisha yeye mwenyewe mwezi uliopita, na kabla ya hapo alibadilisha nyingine. Alizifungua. Zilikuwa nyeusi ti, zimejaa masizi kama sufuria la kuni.

"Unaona?" akasema kwa ushindi. "Plagi."

Nilimuuliza ni kitu gani kinachozifanya ziwe nyeusi kila mwezi. Alinitazama kwa huruma, akamgeukia baba. "Mzee, binti yako anauliza maswali mengi. Ataolewa kweli huyu?" Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, na plagi mpya zikaingia. Kwa siku nne gari lilipungua kutetemeka. Siku ya tano lilirudia, na kioo cha pembeni kikatikisika mpaka sikuweza kuuona uso wangu ndani yake.

Nilimwomba fundi aje nyumbani asubuhi au gari lilale gereji alitazame kabla halijawashwa. Kuja hakuja. Na gari kulala gereji, baba hakutaka hata kusikia. Hakuna mtu hapa mjini anayeacha gari lake lilale kwa fundi kwa hiari. Kila mmoja ana hadithi ya rafiki yake aliyeacha gari na kulikuta na betri ya mtu mwingine. Kwa hiyo magari yote yenye ugonjwa wa asubuhi hupelekwa kutibiwa mchana, yakiwa mazima.

Baada ya hapo alikuja kijana mwenye mashine ya kupima. Huyu alikuja nyumbani, amevaa fulana iliyoandikwa kwa Kichina, akachomeka waya chini ya usukani na kukunja uso mbele ya kioo kidogo chenye mwanga. Nikasema afadhali, angalau huyu anapima. Mashine ilitoa jibu moja. Ilisema injini haifikii joto inalotakiwa kufikia.

Nakumbuka nilisisimka. Nikamuuliza kwa nini haifikii.

"Dada, haiwezekani injini isipate joto, Kigoma hii," alisema. "Hapo sensa ndiyo inadanganya."

Akabadilisha sensa, kile kifaa cha kupimia joto la injini. Akafuta jibu la mashine, akatuonyesha kioo kikiwa hakina kitu, akaondoka. Kesho yake gari lilitetemeka vilevile. Nimekutana na watu wengi wasioamini vitabu, lakini huyu alikuwa wa kwanza niliyemwona akibeba mashine kutoka mtaa hadi mtaa ili aikatalie.

Zilibaki siku sita kaka afike. Nikaacha kuwasikiliza watu. Sikuwa na ujuzi wa ufundi, ila nilikuwa na saa na daftari. Asubuhi tatu mfululizo niliketi ndani ya gari na baba kabla ya chai, yeye akiwasha, mimi nikiandika. Dakika ya kwanza linatetemeka. Ya tano linatetemeka. Ya kumi linatetemeka na moshi una harufu ya petroli mbichi. Ya kumi na tano linapungua. Baba aliona ni mchezo, lakini alikaa, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kama yuko safarini.

Asubuhi ya tatu ndipo nilipotazama kitu ambacho sote tulikuwa tukikitazama kila siku. Sindano ya joto. Dakika ya ishirini ilikuwa bado imelala karibu na herufi ya baridi.

"Huwa inafika wapi?" nilimuuliza baba.

"Hapo hapo. Hili gari halichemki," alisema, na kifua chake kikapanda kidogo.

Ilikuwa sifa yake kubwa Kibirizi. Wenzake walikuwa na magari yanayochemka kwenye kila kilima, wanasimama na madumu ya maji barabarani, lakini gari la mzee sindano hainyanyuki. Watu walifungua mlango na kuchungulia dashibodi kama wanaangalia mtoto mchanga. Nami nilikua nikisikia sifa hiyo, na sikuwahi kujiuliza kama ni sifa.

Mchana nilimtafuta dereva mmoja wa teksi anayeegesha sokoni Ujiji, mwenye gari la aina ileile. Nilimwomba kesho asubuhi aniruhusu niguse injini yake kabla hajaanza kazi. Alidhani nina kichaa cha chuo, lakini alikubali. Asubuhi alipowasha niliweka mkono kwenye mpira mnene unaotoka juu ya injini kwenda kwenye rejeta ya kupozea maji. Ulikuwa wa baridi. Ukaendelea kuwa wa baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto na sindano ikipanda. Halafu ghafla ukawa wa moto kiasi cha kunifanya nitoe mkono. Nikarudi nyumbani mbio. Kwenye gari la baba mpira uleule ulianza kupata uvuguvugu karibu mara tu lilipowashwa, na ukabaki uvuguvugu tu.

Maana yake si ngumu. Injini ya baridi huongezewa petroli, kama mtu anavyopepea jiko la mkaa mwanzoni, na ikishapata moto hupunguziwa. Kuna kilango kidogo kinachoitwa thamostati kinachozuia maji yasiende kupozwa mpaka injini iwe na joto la kutosha. Kwetu ama kilango kilikwama wazi, ama hakikuwepo. Maji yalizunguka na kupozwa tangu sekunde ya kwanza, injini ikajiona iko kwenye baridi, ikaendelea kunywa petroli ya kuamkia, plagi zikalowa masizi, gari likatetemeka mpaka injini ilipopata uvuguvugu wa kutosha, dakika ishirini baadaye. Mashine ya yule kijana ilikuwa imesema ukweli mtupu.

Nilikwenda Gungu peke yangu kumuuliza fundi kama thamostati ipo.

"Nilishatoa zamani," alijibu, akiendelea kufunga nati. "Thamostati ni kitu cha Ulaya, binti. Kule kuna barafu. Hapa joto lote hili, injini ikatunze joto la nini?"

Nilimuuliza amezitoa kwenye magari mangapi. Akaonyesha kwa spana uwanja mzima, magari tisa au kumi, na mengine yaliyokuwa yakipita barabarani. Nikatazama foleni ile, injini zote zikiwa na homa ya baridi kila asubuhi kwa amri ya mtu mmoja mwenye sauti ya upole, na wenye magari wakimlipia plagi. Niliondoka kabla sijasema kitu kibaya.

Kwenye maduka ya spea waliniambia hawauzi thamostati, hazina wateja. Watu huzitoa, hawaziweki. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa nimebakiwa na siku mbili na hasira ya kutosha mwaka mzima. Nikamweleza baba yote kibarazani. Nilimwita fundi wake mjinga, nikawaita wenzake wa Kibirizi wajinga, nikasema mji mzima unasifu ugonjwa, na kwamba mtu mwenye elimu hata ya kidato cha pili angejua kuwa injini haijui kama iko Kigoma au Ulaya, inajua joto lake tu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka taratibu, akaenda ndani, akarudi na kopo la maziwa la zamani analowekea misumari. Alilichokora kwa kidole, akatoa kitu kidogo cha shaba chenye springi.

"Hii?"

Ndiyo ilikuwa yenyewe. Nikamuuliza kwa nini aliitunza.

"Kwa sababu sikumwamini fundi," alisema. "Gari lilichemka siku ile tunatoka Mwandiga, akasema tuitoe. Mimi nikaona watu walioitengeneza hawawezi kuwa wapumbavu. Nikaja nyumbani nikakuuliza wewe. Ulikuwa umefunga shule, unasoma fizikia. Ukaniambia fundi yuko sahihi. Ukanichorea na picha."

Sikukumbuka. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa kidato cha tatu, nilichora kwenye karatasi ya daftari jua, gari na mishale, nikamweleza baba yangu kwa nini nchi ya joto haihitaji kilango. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliyatunga mwenyewe palepale kwa sababu yalisikika kama sayansi.

Baba aliniachia kopo.

Tuliweka thamostati kwenye sufuria la maji jikoni, mama akilalamika kuhusu sufuria lake. Maji yalipokaribia kuchemka kilango kilifunguka polepole kama jicho, na tulipokitoa kikafunga. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima hata siku ile ya Mwandiga. Rejeta ndiyo iliyokuwa ikivuja, baba alikumbuka, na baadaye ilizibwa bila mtu kukumbuka kurudisha kilichotolewa bure. Kesho yake nilikifunga mwenyewe, nati mbili tu na mpira mpya wa kuzuia maji kuvuja, nikasugua plagi kwa msasa na petroli, baba akinishikia taa na kunielekeza nisikaze sana.

Kaka alifika kwa basi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alitoka na mswaki mdomoni, tayari kusikiliza. Baba alikuwa ameshaketi kwenye usukani. Kaka alimwamkia shikamoo, baba akaitikia marahaba, akawasha.

Mngurumo wa injini ulipanda kidogo, ukadumu bila kuyumba, kisha ukaanza kushuka taratibu. Kioo cha pembeni kilitulia. Tulingoja dakika sita au saba. Kaka alichungulia kila mahali, na mwishoni akachungulia dashibodi, sindano ikiwa imefika katikati.

"Mzee, linachemka hili. Lizime."

"Hapo ndipo mahali pake," baba alisema.

Kaka alinitazama mimi, akatazama boneti. Akaanza kusema kwamba hata hivyo, umri, na goti, na barabara za siku hizi. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hakutaja injini. Baba alimwacha aseme yote, kisha akamuuliza kama ataoga kwanza au atakwenda Kibirizi hivyo hivyo na povu mdomoni, kwa sababu migebuka haisubiri.

Alikwenda. Nilifungua lango, wakapita, baba akiwa ameweka mkono mmoja kwenye usukani, kaka pembeni yake ameinama kuelekea dashibodi, akiilinda sindano kwa macho ili isivuke katikati.

Jioni baba aliniambia wenzake wamemsikitikia sana. Wamesema gari lake sasa limeharibika, sindano imenyanyuka, na wamemshauri alipeleke kwa yule fundi wa Gungu.