Mpunga wa Ndevu wa Bi Haula

Mara ya kwanza Bwanaheri kufika kijiji cha Mute na sabuni na kanga zake za kutoka Mtwara, Bi Haula hakununua kitu. Alimkaribisha barazani, akamtuma.

"Ng'ambo ya Ruvuma yuko wifi yangu, Umi. Mwaka wa njaa mama yangu alimpa mbegu ya mpunga wa ndevu. Yetu iliungua na ghala wakati wa vita. Niletee, nipande mvua hizi."

"Na mimi napata nini, bibi?"

"Nikivuna, ziada yote yako. Mwingine simuuzii."

Bwanaheri hakujivuta. Mpunga ule wa bondeni, walioulima mababu zake Haula, hutafutwa mpaka mjini Palma. Unanukia, na ndege hawausumbui sana, maana ndevu za masuke huwakwaruza koo.

Huko ng'ambo, Umi alitoa nusu gunia. "Ndiyo iliyobaki, baba. Mwingine tumekula."

"Nivuke mto kwa nusu gunia?"

Alibishana mpaka mama wa watu akachoka, akamjazia kwa mpunga wa kawaida, usio na ndevu. Mpunga ukishapurwa ndevu hukatika, punje zikafanana. Bwanaheri akauchanganya vizuri, akashona gunia. Mbegu nyingi, ziada nyingi. Haula hakuambiwa.

Haula akalima na mgongo wake mbovu, akapanda bonde zima. Masuke yalipotoka, ndege wakashuka makundi kwa makundi. Alifukuza mpaka sauti ikakauka. Bwanaheri alipokuja kuchukua ziada, alimkuta ameketi kwenye tuta, hata mkono hauinuki.

"Karibu, tajiri. Njoo uwaone vipara wako wasio na ndevu."

"Bibi, nilitaka upate mwingi."

"Nani apate? Ndege wameitwa na vipara, sasa wanamalizia na wenye ndevu." Akachomoa kisu, akaanza kukata suke mojamoja. "Wenye ndevu ni wangu. Vipara uliowatia wewe, vuna mwenyewe. Au unawasubiri ndege wakubakizie?"

Bwanaheri akakunja suruali, akaingia topeni.

Jua lilipopoa alikuwa na gunia lisilojaa, la mpunga ambao Palma hakuna anayeuulizia.

"Na ziada ya mwakani, bibi?"

"Tulipatana mbegu ya ndevu. Hukuileta safi."

Haula alibaki na kapu moja la mbegu safi, ya kupanda pembe moja tu ya bonde. Mwaka huo familia yake ilikula mihogo. Bwanaheri alibeba gunia lake, na ziada ya bonde lile haikuwa yake tena.