Mwiko Nilioutunga Mwenyewe

Mwanangu wa kwanza hajatimiza miezi mitatu, ukurutu ukamvaa. Ulianza mashavuni, ukashuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, akawa anajikuna mpaka damu. Nilimkogesha maji ya muarobaini, nikampaka mafuta ya nazi, nikamfunga vitambaa mikononi. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, na kila mwanamke wa ua ule alikuja na dawa yake na lawama yake. Ati nilikula pilipili nikiwa na mimba. Pilipili! Mimi nilikuwa sili hata tangawizi.

Alipoanza kula nikamponda yai la kuchemsha, nikampa kijiko kimoja. Sijamaliza kumfuta mdomo, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, akatapika. Nikasema labda yai lilikuwa bovu. Baada ya wiki mbili nikajaribu tena, yai limetagwa asubuhi ileile, ikawa vilevile, na safari hii kifua kikawa kinakoroma. Mume wangu ndiye aliyembeba mbio mpaka kwa daktari mmoja Mhindi, upande wa Upanga. Daktari akatueleza taratibu kwamba wako watoto wenye ukurutu ambao mwili hukataa chakula fulani, na wetu anakataa yai. Tusimpe hata la kuonja, maana siku nyingine pumzi inaweza kuziba.

"Umesikia, baba?" daktari akamwuliza.

"Nimesikia," mume wangu akasema.

Basi nenda kawaambie watu wa siku zile kwamba yai linaweza kumwua mtoto! Walinicheka ua mzima. Mmoja akasema namnyima mtoto ili nile mwenyewe. Nilipochoka kubishana nikatafuta neno ambalo hakuna atakayelibishia: nikasema yai ni mwiko wa ukoo wetu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwiko hauulizwi sababu. Siku hiyohiyo wakanyamaza. Mume wangu aliposikia akacheka mpaka machozi, akasema, "Mama, umewaweza!"

Mtoto alipokaribia miaka miwili akaja wifi yangu kutoka Songea, dada mkubwa wa mume wangu. Mwanamke mchapa kazi, shikamoo yangu ya kwanza aliiitikia huku ananipokonya ufagio. Nilimpenda. Lakini kwao mtoto ni wa baba, na aliposikia habari ya mwiko aliweka kikombe chake chini.

"Wifi, huyu ni mtoto wetu. Mwiko wa kwenu unamhusu nini?"

Pale ndipo ningesema kweli. Lakini mdomo wangu nao! Nikamjibu, "Aliyezaa ni mimi, wifi." Akanuna siku mbili. Mume wangu akaniambia nisijali, dada yake anamsikiliza, atamweleza mwenyewe yale ya daktari. Nikamwachia yeye.

Jumapili moja asubuhi nikaenda sokoni kununua ndizi na nazi. Niliporudi, tangu mlangoni nikasikia kikohozi nisichokipenda. Nikatupa kikapu. Mwanangu alikuwa mapajani kwa baba yake, uso umefura, macho yamefumba, kila pumzi inapiga filimbi. Mkekani kuna maganda ya yai. Wifi amepiga magoti mbele yao, kijiko kingali mkononi.

"Nimemtoa kwenye mwiko wenu tu, wifi," akasema. "Baba yake kampakata, mimi nikamlisha. Ili awe wetu."

Nikamtazama mume wangu. Akatazama mkeka.

Sikuwa na muda wa kugomba. Nilimnyakua mtoto, tukakimbia sote watatu mpaka kwa daktari yule, miguu yangu peku. Alimpiga sindano, akatuacha tumeketi barazani tunasubiri. Midomo ya mwanangu ilikuwa imegeuka rangi. Sijui tulikaa muda gani mpaka daktari akatoka na kusema anapumua.

Wifi akaangua kilio. "Nisamehe, wifi. Nimewaudhi wazee wenu. Mwiko wenu una nguvu." Nikamgeukia mume wangu, nikangoja aseme neno moja tu: dada, mimi nilijua. Akajifuta jasho, akasema, "Ndiyo, dada. Mwiko wa watu si wa kuchezea."

Lo! Iliniuma kuliko uchungu wa kuzaa. Uongo wangu mwenyewe aliuokota, akajifunika nao. Tulipofika nyumbani nikamwuliza kwa nini. Akasema dada yake alimwuliza mbele ya wapangaji kama ameoa au ameolewa, naye akadhani kidogo hakitadhuru. Kidogo! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ile nilikuwa naifua kila wiki na kuipiga pasi.

Jioni ileile nikamketisha wifi uani, nikamwambia yote: hakuna mwiko, niliutunga mimi, ni maradhi, na daktari alitueleza sote wawili tukiwa tumesimama pamoja. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilimwomba radhi kwa uongo wangu, akaitikia kwa kichwa.

"Mdogo wangu alijua?"

"Alijua."

Alikwenda kusugua kijiko kile kwa majivu, akasugua na sahani, akasugua na sufuria ambayo haikuwa na kosa.

Alikaa nasi miezi miwili zaidi. Nilipokwenda sokoni mtoto nilimwachia yeye, na mume wangu akiwa palepale barazani kwetu, hana shughuli, ananitazama nikimpita.